Tanuri Halijui Kiswahili

Tarehe 4 Februari. Mwaka wa thelathini na tatu tangu niondoke.

Mpwa wangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mama yako. Mimi sijambo, ila goti la kushoto limeamua kuzeeka kabla ya mwenyewe, na ngazi za jengo hili sasa nazipanda kwa vituo. Jirani wa juu amenunua piano. Hajui kuipiga, lakini si mtu wa kukata tamaa.

Mama yako amelalamika tena kwamba sipokei simu. Mwambie umbu langu kuwa kwenye simu nasikia nusu tu ya maneno, na nusu hiyo siku zote huwa ni salamu. Karatasi haichoki nikiisoma mara tatu.

Sasa habari yenyewe. Profesa wenu ameniandikia rasmi. Maabara mpya ya chuo imekamilika, wameamua kuipa jina langu, na nimealikwa kukata utepe tarehe 20 Septemba. Barua ile niliisoma nimesimama, kisha nikakaa, kisha nikasimama tena. Unajua niliondoka siku tatu baada ya chuo kufungwa, na koti moja na vitabu viwili, nikidhani mwaka ukiisha nitarudi. Jana nimenunua sanduku la safari lenye magurudumu. Liko sebuleni, na kila nikipita nalizunguka kama mgeni.

Mwishoni Profesa ameongeza sentensi moja: kwamba wewe unarudia kile kipimo changu cha oksijeni nzito. Hakueleza zaidi. Nawe umeniandikia mara mbili tangu mwaka uanze, ukanipa habari za paa linalovuja, za bomba na za paka, lakini hilo hukulitaja. Nauliza tu.

Mjomba wako


Tarehe 1 Machi

Mjomba, shikamoo.

Sisi wazima. Mama anapaka rangi chumba cha nyuma kwa ajili yako, na ameshaghairi rangi mara mbili. Nikamwambia, "Mama, huyu ni mgeni wa wiki mbili." Akanijibu bila kugeuka, "Nani kakwambia wiki mbili?"

Juzi aliniuliza hasa ninafanya kazi gani, maana watu wakimuuliza yeye husema, "Anapika vigae." Hajakosea sana. Nikamweleza kwamba ndani ya kigae changu cheusi, cha shaba na oksijeni na vikorombwezo vingine, kuna elektroni ambazo kwa kawaida hazitazamani usoni. Zikipoa vya kutosha huanza kutembea mbili mbili, na zikishashikana hivyo umeme unapita bila ukinzani hata chembe.

"Zikipoa kiasi gani?"

"Digrii mia mbili na kumi chini ya sifuri. Sisi tunaliita joto la juu."

Brashi ilimwanguka kwa kucheka. "Joto la juu! Halafu mnalipwa!"

Nikamwambia ni joto kweli ukilinganisha na metali za zamani, zilizodai baridi kali kuliko hiyo. Na kwamba hizo za zamani tunazielewa, ila hivi vigae bado. Tunaona ndoa, hatujui nani aliyeiunganisha. Nani mshenga? Hapo akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, kwani habari za washenga anazipenda. Wako wanaosema mshenga ni mtetemo wa atomu. Wako wanaosema ni usumaku wa elektroni zenyewe. Namna moja ya kumpima huyo wa kwanza ni kutoa oksijeni ya kawaida na kuingiza iliyo nzito. Atomu nzito hutetemeka polepole, kwa hiyo kama mtetemo una mkono katika ndoa hii, ndoa itachelewa, kigae kitadai baridi zaidi kidogo. Kama haumo, hakitabadilika kitu.

"Na mjomba wako alipata nini?"

"Hakikubadilika kitu."

"Sasa si amekwisha maliza? Wewe unarudia nini?"

Swali hilo ndiyo sababu sikukuandikia.

Nina ombi. Makala yenu ya wakati ule inasema vigae vilikaa tanurini saa ishirini, na uzito ukaongezeka kama ilivyotarajiwa. Naomba nakala ya kurasa za daftari lako za wiki hiyo. Nataka kuziona namba za mizani zenyewe.

Wako mtiifu (Mama anasema niandike hivyo),
Mpwa


Tarehe 19 Aprili. Bado mwaka wa thelathini na tatu.

Mpwa wangu,

Marahaba. Samahani kwa kuchelewa. Kwanza nilipata mafua, kisha nikapona na sikuwa tena na kisingizio. Mwambie mama yako chumba kikiwa cheupe kinanitosha. Rangi nyingine zitanifanya nijione niko hospitali ya watoto.

Ilinibidi kwenda ghala la chini la taasisi. Nilipostaafu waliniachia ufunguo, kwa heshima, na mlinzi husimama ninapopita, ingawa najua kiti chake kinamuuma mgongo na angesimama tu. Unajua nilikuwa na daftari mbili kila mwaka. Ile rasmi niliijaza kwa lugha yao. Yangu niliiandika kwa Kiswahili, maana akili yangu ikiwa na haraka haitafsiri. Hakuna mwingine humu anayeweza kuisoma.

Nakutumia nakala ya kurasa za arobaini hadi hamsini.

Usinichoke nikikukumbusha yale unayoyajua. Kila kigae cha oksijeni nzito kiwe na pacha wake, kilichokatwa kutoka donge lile lile, kikae tanuri lile lile, muda ule ule, katika mrija wake wenye oksijeni ya kawaida. Ukilinganisha kigae na mtoto wa jirani utapima tofauti za malezi. Kila kigae ukipime uzito kabla na baada. Na usimfuate mwenye jina kwa kuwa ana jina.

Sentensi hiyo ya mwisho niliwahi kuifuta, kisha nimeirudisha.

Mjomba wako


Tarehe 6 Mei

Mjomba, shikamoo.

Mama hajambo, ila amegombana na fundi wa paa, na fundi ndiye aliyeomba radhi ingawa kosa halikuwa lake. Paka amezaa.

Kurasa zimefika. Mwandiko wako ni mzuri kuliko wangu. Nimezihesabu: arobaini na tano, arobaini na sita, arobaini na nane.

Kabla sijauliza, nikwambie nilichokuficha. Pacha mwenye oksijeni nzito anachelewa. Si sana: digrii moja na nne ya kumi. Nimerudia mara tatu, kwa mapacha watatu tofauti. Kila gramu moja ya kigae inaongezeka miligramu ishirini na moja, kama hesabu inavyodai oksijeni yote ikishabadilika. Mara ya kwanza nilidhani nimeharibu. Mara ya pili nilifurahi. Mara ya tatu niliogopa, kwa sababu ni kipimo chako.

Nilimpelekea Profesa. Sisi wanafunzi tunamwita Nukta, kwa kuwa kila ubishi huufunga kwa neno hilo. Alikuwa na wageni wawili ofisini, na hakuwatoa.

"Mjomba wako alipata sifuri," akasema.

"Ndiyo, Profesa."

"Wewe umepata moja na nne ya kumi."

"Ndiyo."

"Basi mmoja wenu kakosea. Mmoja ana miaka thelathini ya kazi na jengo. Mwingine ana miaka minne na kipima joto cha kuazima. Nukta."

Nikasema, "Profesa, mizani haina mjomba."

Ulimi uliponyoka, nisamehe. Wageni walicheka, yeye hakucheka. Ameniambia tasnifu iende kwa watahini mwisho wa Septemba. Kabla ya hapo ama nilione kosa langu, ama sura ya oksijeni nzito niitoe. Bila sura hiyo, Mjomba, iliyobaki ni mapishi ya vigae tu. Miaka minne yangu imo humo. Na jambo lenyewe limo humo: kama mtetemo una mkono, watu wameufukuza mlangoni kwa sababu ya sifuri yenu.

Ukurasa wa arobaini na saba uko wapi?

Mpwa


Tarehe 2 Juni

Mpwa wangu,

Nafurahi kwamba paka amejifungua salama.

Ukurasa uliouulizia ulimwagikiwa na kahawa zamani na hausomeki. Hakukuwa na jambo kubwa ndani yake.

Kuhusu tofauti yako: angalia kipima joto kwanza. Kama kweli ni cha kuazima, umekwisha jijibu nusu. Tofauti ya digrii moja katika baridi ile ni rahisi kuitengeneza bila kukusudia. Kipima joto kikikaa mbali na kigae kwa upana wa ukucha, utaipata. Kitangulize hicho kabla ya kuwasumbua watu wengine.

Nina shughuli nyingi za maandalizi ya safari.

Mjomba wako


Tarehe 10 Julai

Mjomba, shikamoo.

Mama anakusalimu. Ameniuliza kwa nini barua yako safari hii ilikuwa nyepesi hivyo mkononi. Nikasema una shughuli.

Nimefanya ulivyoagiza. Fundi wetu wa mashine ya baridi, mtu anayeongea na pampu kuliko anavyoongea na watu, alitoa kipima joto cha kuazima akaweka kipya, akakibana juu ya kigae chenyewe. "Dada," akasema, "hiki hakidanganyi. Kama kuna mwongo humu, tuko wawili tu." Tukapima. Moja na nne ya kumi.

Nikafanya na jambo ambalo hukuniagiza. Nilimrudishia pacha mzito oksijeni ya kawaida, naye mwepesi nikampa nzito. Wakabadilishana zamu: aliyekuwa akichelewa akawahi, aliyewahi akachelewa, kwa kiasi kile kile. Sasa sidhani tena kwamba ni kosa langu. Ilinichukua wiki tano kuacha kudhani hivyo.

Nakuandikia kwa sababu ya jambo dogo. Wiki iliyopita nilikuwa natoka mapema, nikamwambia Fundi, "Weka kizimio cha tanuri saa kumi na mbili." Akanyanyua kichwa.

"Kumi na mbili yako au ya mashine?"

"Kuna tofauti gani?"

"Saa sita tu," akasema. "Mashine ikiambiwa kumi na mbili inazima mchana, jua la utosini. Wewe unamaanisha asubuhi kunapopambazuka. Tanuri halijui Kiswahili, dada."

Nilicheka mpaka langoni. Nilipofika langoni nikarudi, nikafungua kurasa zako. Mstari wa mwisho wa ukurasa wa arobaini na sita unasema: "Ingiza saa nne asubuhi. Kizimio 12."

Nimehesabu kwa vidole kama mtoto. Kutoka saa nne asubuhi hadi saa kumi na mbili alfajiri ya kesho yake ni saa ishirini kamili, kama makala inavyosema. Kutoka saa nne asubuhi hadi kumi na mbili ya mashine ni saa mbili.

Mjomba, uliandika kumi na mbili. Kumi na mbili ipi?

Mpwa


Tarehe 3 Agosti

Mpwa wangu,

Safari hii sina salamu za kutanguliza. Ilikuwa ya mashine.

Ukurasa wa arobaini na saba nimeufunga humu, wenyewe, si nakala. Utaona hauna tone la kahawa.

Nilikuwa na mwaka wa pili tu hapa. Kizimio kilikuwa kipya, cha namba, na nilikiandikia namba iliyokuwa kichwani. Siku ile sikurudi kulitazama tanuri; kesho yake nilifika saa tatu asubuhi. Tanuri lililozimwa alfajiri hudai mchana kutwa kupoa. Mrija wake ulipaswa kuniunguza. Niliushika kwa mkono mtupu. Ulikuwa baridi kama kikombe kilichosahaulika. Nilijua kabla sijaangalia saa. Nilipoangalia, nikacheka peke yangu, kwa kuwa ni kosa ambalo mtu mwingine yeyote katika jengo lile asingeweza kulifanya.

Nikapima uzito. Miligramu sita badala ya ishirini na moja. Chini ya theluthi ya oksijeni ndiyo iliyobadilika. Ukifanya hesabu kwa namba yako, tofauti iliyostahili kuonekana ni nne ya kumi ya digrii, na kipima joto chetu hakikuweza kuona chini ya nusu. Pamoja na hayo nikavitia vigae katika baridi nikavipima. Usiniulize kwa nini. Mtu aliyepoteza ufunguo hupekua hata mfuko aliokwisha pekua.

Mkuu wa maabara aliingia nikiwa nachora. Alikuwa mtu mwema, mrefu, mwenye miwani miwili, mmoja usoni na mmoja kichwani, na siku zote akiutafuta ule wa kichwani. Alikuwa amekwisha andika kwamba mtetemo hauhusiki.

"Tofauti?" akauliza.

"Haionekani."

"Sifuri!" Alinipiga bega. "Nilisema! Nilisema mbele ya watu wote! Na uzito?"

Oksijeni nzito ilikuwa chupa moja, tuliyoingojea miezi minane, na ilikuwa imekwisha. Kibali changu cha kukaa kilibakiza siku tisa, na barua ya kukiongezea ilikuwa mezani kwake bila sahihi. Nakutajia hayo kwa kuwa ni kweli, siyo kwa kuwa yanatosha. Hakunitisha. Hata hakunitazama, alikuwa anatafuta miwani.

Nikasema, "Ishirini na moja."

Akaandika yeye mwenyewe katika daftari rasmi. Mimi nikaenda kuandika sita katika yangu, kwa Kiswahili, kwenye ukurasa huo ulio mkononi mwako. Nilijiambia kwamba nikishaandika ukweli mahali fulani sijasema uongo. Mwaka uliofuata chupa nyingine ilikuja. Niliomba nirudie. Mkuu akasema, "Swali hilo tumelifunga, rafiki yangu, tusilifukue." Nami nikashukuru, ndani kwa ndani, na hilo ndilo jambo ninaloliona baya kuliko yote.

Alikufa miaka tisa iliyopita. Wengi wamejenga juu ya sifuri ile. Nimesoma makala zao zote, kwa miaka yote, nikisubiri mmoja wao arudie kipimo. Hakuna aliyerudia. Kilikuwa kimekwisha fanywa, na kilifanywa vizuri, walisema.

Kosa la saa lilikuwa la lugha. Ishirini na moja haikuwa ya lugha.

Mwezi Juni nilikuambia ukague kipima joto chako. Hilo nalo ni langu.

Mjomba wako


Tarehe 18 Agosti

Mjomba, shikamoo.

Nimeanza barua hii mara nne. Ya kwanza ilikuwa na matusi, ya pili ilikuwa na machozi, ya tatu Mama aliisoma akasema imeandikwa na wakili.

Nilimsomea ukurasa wa arobaini na saba na barua yako. Alikuwa anapiga pasi, hakuacha kupiga pasi. Mwishoni akauliza:

"Kwa hiyo hakuiba?"

"Hakuiba, Mama."

"Hakuua?"

"Mama, alisema uongo katika kipimo. Watu wamepotea njia miaka thelathini."

"Nimesikia. Sijasema ni kidogo." Akageuza shati. "Nimeuliza tu kama kuna kinachomzuia kuja."

Basi hayo ni ya Mama. Yangu ni haya. Nimekasirika. Sijakasirikia ile ishirini na moja. Sikuwepo, sikuwa na kibali kinachobakiza siku tisa. Nimekasirikia Juni. Ulikuwa unajua, ukaniambia nijikague mimi. Wiki tano niliingia maabara kila asubuhi nikiwa mtuhumiwa, na aliyenishtaki ni mtu aliyenifundisha kwa barua, tangu nikiwa na miaka tisa, namna ya kusoma mizani.

Nukta sijamwonyesha ukurasa. Nilimpelekea matokeo ya mapacha kubadilishana zamu. Aliyatazama kwa muda mrefu, kisha, kwa mara ya kwanza, hakusema nukta. Akasema, "Weka sura yako. Lakini andika kwamba tofauti na kipimo cha awali huenda imetokana na namna vigae vilivyotengenezwa."

"Hayo maneno hayasemi kitu, Profesa."

"Ndiyo uzuri wake. Hayamchafui mtu. Bamba la jina limekwisha chongwa, mwanangu, na mzee anakuja."

Nimepewa mlango. Nikiupitia, tasnifu yangu inapita, jina lako linabaki ukutani, Mama anakupata nyumbani, na wanaosoma wataendelea kudhani kuna vipimo viwili vizuri visivyopatana, wachague wanachokipenda. Mimi namba zangu nitaziweka, hilo sikuombi ruhusa. Lakini ukurasa wa arobaini na saba ni wako. Uende na sura yangu au ubaki kabatini kwangu, useme wewe. Siwezi kukusemea, na sitaki uniambie nichague mimi.

Vyovyote utakavyosema, njoo. Njoo kama mjomba tu. Utepe atakata mwingine.

Mpwa


Tarehe 8 Septemba

Mpwa wangu,

Marahaba. Umekasirika kwa haki, na umeandika vizuri zaidi ulipokasirika. Nisalimie mama yako. Mwambie swali lake ndilo lililokuwa gumu kuliko yako yote, na nitalijibu mwisho.

Ukurasa uende. Wote, pamoja na ile sita. Usiweke hayo maneno ya Profesa yasiyosema kitu. Andika kwamba oksijeni ilibadilika chini ya theluthi, kwamba uzito uliotangazwa haukuwa wa kweli, na kwamba aliyeutaja ni mimi. Nimemwandikia Profesa kwa posta hii hii, na nimewaandikia wenye jarida lililochapa makala yetu. Nakala za barua zote mbili zimo humu, ili mtu asije akakuambia hukuwa na ruhusa. Nimemwomba Profesa ageuze bamba lile upande wa pili na achonge jina la kazi inayofanyika humo, si la mtu.

Na wewe usizidishe. Watakaokuja mbio kukupongeza watataka useme mtetemo ndiye mshenga. Hujapima hivyo. Umepima kwamba alikuwepo kwenye harusi hiyo, na kwamba kuna aliyelifuta jina lake kwenye orodha ya walioalikwa. Usumaku nao bado umekaa pale pale, na ushahidi wake ni mzuri. Kipime sasa kigae chenye oksijeni nyingi zaidi, kisha chenye pungufu zaidi, uone tofauti inakua au inapungua. Hapo ndipo swali lilipo. Ningetoa goti hili na jingine kuliona jibu.

Sasa la mama yako.

Jumatatu nilikwenda kwa mkuu wa sasa wa taasisi. Ni mwanamama mhandisi, umri wa binti yangu kama ningekuwa naye. Nilimweleza yote. Alisikiliza bila kuandika, kisha akauliza, "Kwa nini leo?"

Nikamwambia, "Kwa sababu amepatikana mtu mwingine anayesoma Kiswahili."

Hakuelewa, nikamweleza na hilo. Halafu akauliza swali ambalo ningeliuliza mimi nikiwa mahali pake: "Na vipimo vingine?"

Miaka thelathini na moja nimepika vigae katika jengo hili, na nusu ya maabara za fani yetu zimewahi kutumia nilivyovipika mimi. Najua kwamba sikusema uongo tena. Lakini najua hivyo kama nilivyojua kuwa kizimio nimekiweka sawasawa. Nilikuja na saa ya nyumbani kichwani, na sikumbuki ni lini hasa nilianza kuwaza kwa saa ya mashine. Mwaka wa tatu? Wa saba? Kila kigae kina muda wake tanurini, na muda wa kweli umo katika madaftari yangu ya Kiswahili, masanduku kumi na moja. Lazima yasomwe ukurasa kwa ukurasa, yalinganishwe na yale rasmi, na kila tofauti iandikwe na kutumwa kwa aliyekitumia kigae hicho. Masanduku hayaruhusiwi kutoka mlangoni mpaka uchunguzi uishe. Na hapa hakuna mwingine wa kuyasoma.

Mkuu hakunizuia kusafiri. Alisema niende kwanza, nipumzike, kazi itaningoja. Ni mtu mwema, na hili ni jengo lenye bahati mbaya ya kupata wakuu wema.

Sanduku la kwanza nimelianza Jumanne. Nimefika ukurasa wa thelathini, na tayari nimepata kizimio kimoja ambacho sielewi kiliwekwa kwa saa ipi.

Mama yako atauliza kwa nini nisije japo wiki mbili. Usimdanganye kwa kunionea huruma. Mwambie najijua. Nikikanyaga hapo, nikaisikia sauti yake akigombana na mafundi, sitapanda ndege tena, na madaftari yatabaki yamefungwa kwa lugha ambayo hawa hawaijui. Mwambie pia kwamba kwa kasi ninayokwenda nayo kazi hii inadai miaka tisa, na mimi nina sabini na nne.

Sitarudi.

Mjomba wako